Jina langu lilivyofutwa kwenye ubao wa wadaiwa wa tumbaku, Tabora enzi za Ujamaa

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri wa kuyapita haya na akili ya kuyakumbuka. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu.

Wakuu, habari za humu ndani. Kwa vijana watakaoniamkia, marahaba, nimeshaitikia kabisa.

Nimesoma nyuzi nyingi za watu waliokwama. Mtu anaomba mkopo, benki wanafungua taarifa zake, wanakuta doa la deni. Wengine wako tayari kumlipa mtu wa mtandaoni eti awafutie.

Mimi niliwahi kuwa na doa la namna hiyo kabla kompyuta hazijafika kwetu. Nitawaeleza lilivyoondoka. Ni kweli tupu, sina sababu ya kuongeza chumvi kwa umri huu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa upande wa Isikizya, tukilima tumbaku. Chama cha ushirika kilitukopesha mbolea, kisha kikakata deni lake siku ya mauzo.

Mwaka mmoja bani langu likaungua. Kwa wasiolima tumbaku, bani ni kibanda cha kuikaushia kwa moto. Kilichosalia nikakiuza, hakikutosha deni.

Nikauza ng'ombe, nikapeleka fedha ya deni lililobaki kwa karani wa chama, Bwana Hamisi.

Hapa ndipo nilipokosea. Nilimkabidhi siku ya Ijumaa nje ya msikiti, tukiwa bado tunavaa viatu. Akaniambia, "Stakabadhi pitia Jumatatu ofisini."

Nikamjibu, "Ya nini baina yetu, Bwana Hamisi?"

Niliona kumdai karatasi mtu tuliyetoka kusujudu naye bega kwa bega ni kumvunjia heshima.

Kesho yake akaanguka, upande mmoja wa mwili ukafa, na ulimi ukafunga. Akalazwa Tabora mjini, akakaa huko majuma kadhaa bila kusema neno. Kisha Mungu akamchukua.

Kwenye mazishi kaka yake alisimama, kama ilivyo desturi yetu, akasema, "Anayemdai marehemu ajitokeze kwetu. Na anayeweza kusamehe, asamehe."

Nilinyamaza. Sikudhani kwamba namdai.

Mvua zilipokaribia, chama kikatundika ubao mweusi mlangoni mwa ghala: majina ya wasiolipa, kwa chaki nyeupe. Langu lilikuwemo.

Jirani yangu Kashindye, mtu wa pombe asiyekosa utani, akalisoma kwa sauti. "Ebo! Hata wewe, mzee wa safu ya mbele msikitini? Basi leo sisi walevi tupumue!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka nao, nikaondoka.

Aliyeandikwa pale alikuwa hapewi mbolea wala haruhusiwi kumdhamini mwenzake. Bila mbolea hakuna tumbaku, na bila tumbaku watoto wangu wasingevaa wala kusoma mwaka ule.

Niweke jambo moja pembeni. Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo kwa miguu kutoka huku hadi pwani. Alikuwa akitusimulia kwamba mpagazi aliyechukua posho ya mwanzo akatoroka, habari zake zilimtangulia kila kambi, akafika hana wa kumwajiri. Kwa hiyo haya mnayoyaona mageni, njia yetu hii iliyajua zamani.

Nilimwendea mwenyekiti wa chama, Mzee Petro, Mkatoliki mmoja mwadilifu sana. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mimi nakuamini," akasema. "Lakini nikifuta jina kwa sababu nakuamini, kesho shemeji yangu atakuja nimfutie na lake. Na yule simwamini hata kidogo. Niletee ushahidi."

Ushahidi ulikuwa umezikwa.

Nikaenda kwa sheikh wetu. Nikamwambia nimeshamsamehe Hamisi, na sitaki kumfukua maiti kwa maneno.

Akaniuliza, "Umesamehe haki yako, vizuri. Na fedha ya chama, ni yako uisamehe? Kama ilifika mkononi mwake, bado iko shingoni mwake. Ukinyamaza humsitiri. Unamwacha nayo."

Wakuu, maneno yale niliyabeba siku nyingi. Nilikuwa nadhani uvumilivu ni kukaa kimya tu.

Basi nikaenda kwa mjane, Bi Zuhura. Alikuwa ndani ya eda, hatoki. Nikakaa barazani, naye akawa nyuma ya pazia la mlango. Nikamuuliza jambo moja tu: Ijumaa ile mumewe alirudi na fedha?



"Rudi na kamati ya chama," akasema.

Nikarudi na Mzee Petro na wajumbe wawili. Akatuamkia, kisha akasema bila kutetereka:

"Fedha aliileta. Aliifunga kwenye kitambaa, akaniambia, hii ya chama, usiiguse. Alipoanguka nikaigusa. Gari la kumpeleka hospitali, dawa, chakula cha wodini. Shemeji alipouliza nani anamdai, nilikuwa ndani nasikia. Niliogopa mume wangu azikwe na jina la mwizi. Deni ni langu mimi. Mfuteni huyu, mniandike mimi."

Mzee Petro akavua kofia, akaipakata magotini.

"Mama, hukuiba," akasema. "Lakini fedha ni ya wakulima. Ama jina lako liende ubaoni, ama upate mdhamini."

Nikamuuliza, "Mwenyekiti, mimi nimefutwa?"

"Umefutwa. Tumesikia sote."

"Basi namdhamini mimi."

Mzee Petro akaniangalia, akacheka mpaka akajifuta macho. "Wewe mtu wewe! Hujakaa msafi hata dakika moja!"

Nyuma ya pazia tukasikia Bi Zuhura akilia taratibu.

Tulitoka hapo moja kwa moja hadi ghalani. Mwenyekiti akalifuta jina langu kwa kiganja mbele ya watu, na mahali pake hakuandika mtu. Mbolea nikapata, nikapanda nikiwa nimechelewa kidogo.

Bi Zuhura alikuwa fundi wa kofia za kushona kwa mkono. Eda nzima alishona, dada yake akauza mjini. Alilimaliza deni lote kabla hatujauza tumbaku, na mimi sikuulizwa hata senti. Stakabadhi aliichukua, akaiweka ndani ya msahafu wa mumewe.

Nililojifunza ni hili. Chukua stakabadhi hata kwa mtu wa ibada, maana kifo na maradhi havimsubiri akuandikie Jumatatu. Kama doa ni la uongo, nenda palepale lilipoingilia, na ushahidi wako, wala usichoke. Kama deni ni la kweli, lilipe, kisha hakikisha wameandika kwamba umelipa. Huyo wa mtandaoni hana kiganja cha kufutia, atakuongezea deni jingine.

Na ukishasafishwa, mwangalie aliyebaki nyuma ya pazia.

Karibuni wakuu. Aliyewahi kuandikwa deni lisilo lake atueleze alitokaje. Na kama mnaona nilikosea kumdhamini, semeni pia, sitakasirika.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulipie madeni yako ya wazi na ya siri, akulinde na aibu duniani, na siku ya hesabu akukute huna wa kukudai. Amina.