Siku Nilipozisugua Sarafu za Baba Mkwe

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni Alhamisi moja niliyosugua. Nilisugua tangu asubuhi mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba, tena nikiimba, na kila nikikumbuka kule kuimba natamani angetokea mtu wa kunifinya.

Nakusimulia kwa sababu ya ile sarafu yako. Jana umekuja hapa na sarafu yenye tundu mliyoiokota mkichimba msingi kule Old Moshi, ukasema umesikia za zamani zinauzwa mamilioni, halafu ukaniomba dawa ya meno na mswaki mkuukuu uisafishe uipige picha. Nikakuambia kaa chini kwanza. Ukakaa, lakini simu hukuiweka. Basi leo iweke.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimeolewa Marangu wiki tatu tu. Mume wangu Elisante alikuwa mpagazi, na wiki ile alikuwa mlimani na wageni, akaniacha nyumbani na wazazi wake. Mama mkwe alikuwa mtu wa vicheko, huyo hakunipa shida. Aliyenipa homa ni baba mkwe, Mzee Anaeli. Alikuwa ameongoza wageni mlimani mpaka magoti yakamgomea, na maneno yake kwa siku ungeweza kuyabeba kwenye kiganja kimoja. Tena nilikuwa nimenong'onezwa kwamba hakutaka mwanawe aoe kwetu Old Moshi. Alisema wasichana wa kule mikono yao inatangulia akili. Basi nilikuwa natafuta jambo moja tu katika dunia hii: siku moja mzee yule aseme, huyu mtoto anafaa.

Na bibi harusi wa enzi zetu alijulikana kwa sufuria. Ukiolewa, unaziingia sufuria za mama mkwe kwa majivu na mchanga wa mfereji mpaka jirani akipita aone uso wake. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nimemaliza sufuria, nimemaliza vijiko, birika, taa ya chemli, hata bawaba za mlango. Mikono inawasha, kazi hakuna. Alhamisi ile mama mkwe alikwenda sokoni na ndizi, Baba akaenda kwenye kikao cha kahawa, nami nikaanza kuwinda uchafu. Juu ya kabati la chumba cha mbele nikaliona kopo kubwa la kakao.

Ndani yake kulikuwa na sarafu, mwanangu. Sarafu za nchi ambazo sikujua kama zipo. Kila moja imefungwa kwenye kipande cha karatasi kilichochakaa, na nyeusi kama ziliokotwa jikoni. Nikasikitika kweli. Nikasema moyoni, maskini mzee wa watu, hana mtu wa kumfanyia usafi.

Nikachukua majivu, nikachukua mchanga, nikakata ndimu mbili, nikakunja jani kavu la mgomba, nikakaa kando ya mfereji. Sijawahi kusugua hivyo maishani. Shaba ikawa nyekundu, fedha ikawa nyeupe, na zilizokuwa na vichwa vya wafalme nikawasugua wafalme mpaka wakang'aa mapua. Mmoja, mwenye kofia ya chuma na masharubu yaliyosimama, alikuwa mbishi, kwa hiyo yeye nilimrudia mara tatu. Nilipomaliza nikazipanga zote juu ya meza, kwenye kitambaa cheupe nilichokishona mwenyewe. Nikachemsha chai. Nikasubiri sifa.

Baba alirudi mama mkwe akiwa nyuma yake. "Shikamoo Baba," nikasema, nikamkaribisha chai. "Marahaba," akajibu, akaketi, akanywa nusu kikombe. Ndipo akaziona.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliokota moja, akaigeuza, akairudisha. Akaokota yule mwenye masharubu, akamtazama sana.

"Karatasi ziko wapi?" akaniuliza.

"Zipi, Baba?"

"Zilizokuwa zimezifunga."

Nikajibu kwa furaha yote: "Aa, zile zilikuwa zimechakaa, Baba. Nimewashia moto wa chai."

Akakitazama kikombe alichoshika. Akakiweka mezani taratibu, akainuka, akatoka nje akaenda kusimama karibu na ng'ombe.

Mama mkwe ndiye aliyenieleza, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka. Wageni wa mlimani, kila mmoja akishuka, Baba alimwomba sarafu moja ya kwao. Hakuomba zaidi. Akaandika kwenye karatasi jina la mgeni na nchi yake na walivyopanda. Na sarafu ya zamani haisuguliwi. Ule weusi ndio umri wake, ukiuondoa umeondoa na ngozi, watu wanaozikusanya hawaitaki tena. Yule mwenye masharubu alikuwa Kaisari wa Wajerumani kwenye rupia ya fedha. Babu yake Elisante ndiye aliyeipata, kwa kubeba mizigo. Nami nilikuwa nimemnyoa masharubu.

"Na Jumamosi," akaongeza, "anakuja Mwalimu Gasper."

Mwalimu Gasper alikuwa mstaafu wa Moshi mjini, naye ni mkusanyaji. Walikuwa wamekubaliana wabadilishane: yeye achukue rupia, Baba apate pesa ya kale ya Unguja yenye picha ya mizani. Baba alikuwa ameitamani sarafu ile ya mizani tangu akiwa kijana, na kwa miezi miwili alikuwa hazungumzi kingine. Kwa mtu asiyezungumza, miezi miwili ni mingi.

Mwanangu, niliona kabisa begi langu likiwa mlangoni na mimi nikirudishwa kwetu. Nikamwuliza mama mkwe nifanye nini. Akasema, "Asubuhi kachume isale umpelekee."

Nyie wa siku hizi isale mnaliona kwenye bustani za hoteli mnadhani ni ua la mapambo. Kwetu Wachagga, ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, na akilipokea amesamehe. Kosa limekwisha. Halitajwi tena, si nyumbani, si kwenye pombe ya mbege, si mbele ya mgeni. Na jani moja linatosha, hilo nililijua tangu utotoni. Lakini mimi niliona kosa langu si la jani moja. Alfajiri nikatoka na panga, nikakuta masale yamestawi vizuri mwisho wa kihamba, shamba letu la migomba, nikayakata mashina, mengine nikayang'oa na mizizi. Nikaingia uani nimekumbatia mzigo kiasi kwamba Baba aliona majani yanatembea.

Nikapiga magoti. Kabla sijafungua kinywa, nyuma yangu ikaingia sauti ya Mzee Lameki, jirani yetu, jembe begani.

"Anaeli! Yaani umeamua kuhamisha mpaka kwa kutuma mkwe?"

Kwa maana masale ndiyo mpaka wetu vilevile. Niling'oa mpaka, mwanangu. Mpaka ambao wazee wale wawili walikuwa wameugombania miaka na miaka, na hatimaye wakaupanda pamoja, kila mmoja na miche yake, baraza zima likiwa shahidi.

Baba akanitazama mimi, akamtazama Lameki, akautazama mzigo. Akachomoa jani moja kutoka mikononi mwangu, akalifunga fundo, akamwendea Lameki akampa kwa mikono miwili. "Mtoto amekosea," akasema. "Tutapanda upya leo hii." Lameki angefanya nini? Akapokea. Kisha Baba akachomoa jani la pili, akalitia mfukoni mwa koti lake mwenyewe.

"Na hili langu nimelipokea," akaniambia. "Mengine kayapande ulikoyatoa kabla hujamwomba radhi dunia nzima."

Na hapo, mwanangu, mabega yake yakaanza kutikisika. Lameki naye akashikwa. Wazee wawili wakacheka mpaka wakashikana mikono wasianguke, nami niko palepale chini na msitu wangu.

Tulipomaliza kupanda akaniita mezani. "Umezisugua," akasema, "sasa utazisoma." Karatasi zilikuwa zimegeuka majivu, kwa hiyo ilibidi tuzitambue upya, moja baada ya nyingine. Akanifundisha: tazama maandishi kwanza, halafu mnyama au mfalme, halafu pima uzito kiganjani, halafu pitisha kidole ukingoni kama kuna meno. Niliokota moja yenye mwanamke aliyesimama na ngao, nikasoma HELVETIA, nikaitafuta nchi hiyo kwenye ramani nzima ya Ulaya nisiione. Akasema hao ni Waswisi, wanajiita hivyo kwenye fedha zao. "Huyu alilia kileleni," akasema, "akasema ni upepo." Nikaokota ya njano yenye tundu na suke la mpunga. Nikasema hii bila shaka ni ya Chekereni, kule kwenye mashamba ya mpunga. Akaichukua, akaigeuza. "Ni ya Mjapani," akasema. "Alipanda na mwavuli mpaka kambi ya Horombo." Kumbe mzee alikuwa na maneno, yalikuwa yamekaa kwenye kopo.

Jumamosi Mwalimu Gasper akafika, suti na kofia, lenzi mfukoni. Nikaleta bakuli la mtori, supu yetu ya ndizi. Baba akamwekea rupia mbele. Mwalimu akaiweka chini ya lenzi, akaiinua, akaiweka tena. Uso ukamshuka.

"Nani amefanya unyama huu?"

Nilisimama na bakuli langu. Nilijua jibu. Mama mkwe alijua jibu. Ng'ombe walijua jibu.

"Mimi," akasema Baba.

"Wewe? Mzee mzima? Umetembea na watu wa mataifa yote miaka yote hiyo, hukujifunza kitu? Unasugua rupia kama sufuria?"

"Mikono, Mwalimu. Ilitangulia akili."

Mwalimu Gasper alimsema kwa muda wa bakuli zima la mtori na nusu ya la pili. Alimwita mshamba nyumbani kwake. Mzee yule ambaye hata wazungu walimwamkia alikaa ametulia, anaitikia, "Ni kweli, Mwalimu. Ni kweli." Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Mama mkwe akanifinya ubavuni, finyo ambalo nikivua nguo nadhani bado lipo. "Amelipokea isale," akaninong'oneza. "Ukisema, utakuwa umelitoa mfukoni mwake."

Mwalimu akaifunga sarafu yake ya mizani kwenye leso, akairudisha mfukoni, akaondoka. Baba alimsindikiza mpaka barabarani akimbebea mkungu wa ndizi. Mimi niliingia jikoni nikalia, nikasema ni moshi, na moto wenyewe ulikuwa umezimika.

Sarafu ya mizani hakuipata mpaka anakufa. Hilo linaniuma mpaka leo, sitakudanganya. Nilikuja kuitafuta miaka mingi, Moshi, Arusha, hata Unguja kwenyewe nilipokwenda harusini, nikaonyeshwa ya bandia tupu. Lakini kosa langu la Alhamisi ile hakulitaja tena, hata tulipokorofishana kwa mengine, na tulikorofishana sana.

Uzeeni macho yalimwacha. Akawa anakaa juani anazipapasa sarafu mojamoja, nami nakaa naye. Hii? Mswisi. Hii? Mwavuli. Siku moja akawaita wanawe wote, akanyanyua kopo, wote wakanyoosha mikono. Akauliza mimi niko wapi.

"Mpeni huyu," akasema. "Hakuna mwingine aliyewahi kuzishika zote moja baada ya nyingine." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Anafaa."

Nilikuwa na miaka hamsini na kitu, nina wajukuu, na nililia kama mtoto wa darasa la kwanza. Safari hii sikusingizia moshi.

Sasa sarafu yako. Yenye tundu, meno ya tembo pande mbili za tundu, maandishi ya Afrika Mashariki: ni senti kumi ya enzi za Mwingereza. Haina mamilioni, mwanangu, bibi zetu walizifunga kwenye pindo za khanga kila mmoja. Lakini usiipake dawa ya meno. Ishike kwa ukingo, ifunge kwenye karatasi safi, na uandike: imeokotwa wapi, na nani, mlikuwa mkijenga nyumba ya nani. Hiyo karatasi ndiyo itakuwa na thamani, na asiwashe nayo mtu moto wa chai.

Na nasaha yangu ndiyo hii: kabla hujamtendea mtu wema kwenye kitu chake, mwulize. Kinachoonekana uchafu kwako ni miaka ya mwenzako, na kinachoonekana kichaka ni mpaka. Ukikosea, nenda kabla jua halijachomoza, na jani moja linatosha. Ukisamehe, samehe mpaka mbele ya wageni, hapo ndipo panapouma.

Ile rupia iko hapa, itazame. Masharubu hayatarudi. Lakini ona pembeni mwa kofia, weusi umeanza kuingia tena, wenyewe, polepole, miaka hii yote. Mungu akupe nawe miaka ya kuingia weusi wako taratibu, mwanangu, na akuepushe na mtu mwenye bidii na majivu.