Majibu Arobaini Yanayofanana

Chuo kilipofungwa Machi 2020, Rahel alikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu na hakuwa amehoji mtu hata mmoja. Alikuwa anatafiti kaya za wakulima wa mdalasini Kinole, kijiji cha milimani: nani huamua mavuno yauzwe lini, na kwa nani. Kwa kuwa shule nazo zilifungwa, alishinda nyumbani mjini na wanawe wawili. Mwezi mzima akaandika kurasa nne, moja ikiwa ya yaliyomo.

Mei akavaa barakoa akapanda Kinole. Mwenyekiti wa kijiji alimpokea kwa heshima, akiwa mbali, na kwenye kila ua akamchorea mstari wa jivu.

"Mgeni wa mjini asivuke hapa. Uliza tu, watasikia."

Walisikia wote. Bi Mosi, mama wa miaka sitini hivi, alijibu akiwa barazani na mumewe, majirani wametoka kusikiliza.

"Shikamoo, mama! Nani anaamua mdalasini uuzwe?"

"Marahaba! Mume wangu!"

Mume akaitikia kwa kichwa. Wanawake arobaini wakajibu hivyohivyo.

Msimamizi wake, Dokta Ignas, alifurahi kwenye simu. "Data safi sana. Hazipingani hata kidogo."

"Ndicho kinachonitia wasiwasi, Dokta."

"Andika, Rahel. Mwenzako Athanas ameshamaliza sura mbili."

Athanas hakuwa na watoto, na alitafiti nyaraka, ambazo haziketi na waume zao.

Rahel aliandika wiki mbili, kisha akafuta yote. Akamwarifu msimamizi kwamba atarudia mahojiano. Alijibiwa neno moja: "Pole."

Mwaka uliofuata, jivu likiwa limeshasahaulika, Bi Mosi alimkaribisha jikoni. Rahel akasaidia kukwangua magome ya mdalasini, akauliza swali lilelile kwa sauti ya chini.

"Naamua mimi," alisema Bi Mosi. "Yeye namjulisha."

"Mbona mwaka jana ulisema ni yeye?"

"Mwaka jana si alikuwa amekaa pale?"

Rahel alihitimu miaka miwili baada ya Athanas. Alimpelekea Bi Mosi nakala ya tasnifu, akaelezea kilichomo. Mama huyo akaipima uzito mkononi.

"Mzee wangu anaweza kuisoma hii?"

"Ni Kiingereza kitupu, mama."

"Basi iweke pale mezani."