Mwajabu na Ajenda Moja ya Mbagala

Mwajabu Mwishehe alifukuzwa shule akiwa kidato cha pili, mwezi mmoja kabla ya mtihani. Mwalimu mkuu hakumkaripia. Alimwita ofisini, akamwambia arudishe vitabu, akampa barua yenye muhuri ampelekee baba yake. Mimba ilikuwa ya miezi minne. Baba yake, Mzaramo aliyezaliwa hapo hapo Mbagala kabla nyumba hazijabanana, aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya godoro. Hakuitaja tena mpaka anakufa.

Yapata miaka thelathini sasa. Mtoto aliyezaliwa, Shamimu, ni muuguzi huko Morogoro. Mwajabu mwenyewe ni fundi cherehani. Ana kibanda chake jirani na soko, na kazi yake kubwa ni sare za shule. Mtaani wanamjua kwa mambo mawili: kola anazoshona hazilegei, na yeye mwenyewe hanyamazi ikitajwa habari ya msichana kuachishwa masomo.

Ndiyo maana ulipotoka waraka wa kuwaruhusu wasichana waliojifungua warudi darasani, Mwajabu alifunga kibanda siku nzima. Yeye na rafiki yake Demetria, mwalimu wa shule ya msingi aliyehamia Dar kutoka Songea, wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta wasichana hao. Waliandikisha kumi na tisa. Mwajabu akawashonea sare bure. Sita wakarudi shule. Wengine kumi na watatu walishukuru, wakapokea sare, na hawakuonekana.

Demetria ndiye aliyemwingiza kwenye Jukwaa la Wanamageuzi. Halikuwa chama cha siasa, wala halikuwa na ofisi. Walikuwa watu kumi na mmoja waliokutana kila Jumapili alasiri katika darasa la chekechea, wamekalia viti vya watoto, magoti yamekaribia videvu. Waliamini kwamba nchi inaweza kuwa ya haki kuliko ilivyo. Ila haki hiyo ianzie wapi, kila mmoja alikuwa na lake.

Vikundi kama hicho vilikuwepo pia Manzese na Pugu. Uchaguzi ulipokaribia, vyote vitatu vikakubaliana kuwapelekea wagombea madai ya pamoja, kwa sharti moja: kila kikundi kilete ajenda moja tu. Uchaguzi uliotangulia walipeleka madai thelathini na moja. Wagombea wote waliyakubali yote, wakapiga nayo picha, na baada ya hapo hakuna aliyejua amfuatilie nani kwa lipi.

Jumapili ya kwanza aliyeshika chaki alikuwa Anwar, kijana aliyemaliza sheria chuo kikuu miaka mitatu iliyopita na bado anahangaikia ajira. Akaandika ubaoni: KATIBA MPYA.

"Wazee wangu, mama zangu," alisema, "haya mengine yote yanaamuliwa na nani? Leo mnapewa waraka, kesho anakuja mwingine anaufuta. Waraka si sheria, na sheria yenyewe inasimama juu ya katiba. Tukiacha msingi tukakimbilia madirisha, tutakuwa tunajenga nini?"

Maneno yale yalimchoma Mwajabu, kwa sababu yalikuwa kweli. Waraka aliofungia kibanda kwa furaha ulikuwa kurasa chache tu.

Akasimama Mzee Audax. Huyu alikuwa Mhaya wa makamo ya juu, aliyefanya kazi kiwanda cha nguo tangu ujana wake mpaka kilipofungwa, na kwa miaka mingi alikuwa katibu wa tawi la wafanyakazi. Alizungumza taratibu kama mtu anayesoma hati. Ajenda yake ilikuwa vibarua: maelfu ya watu wanaofanya kazi viwandani miaka nenda miaka rudi bila mkataba, wanachaguliwa getini kila asubuhi.

"Na wasichana je?" Demetria akauliza.

"Suala la wasichana ni la msingi, sikatai," alisema Mzee Audax. "Lakini hilo ni la kijamii. Hapa tunaongelea siasa."

Mwajabu hakungoja aruhusiwe. "Mzee wangu, shikamoo yako nimeshakupa pale mlangoni. Sasa naomba nikuulize. Mie kutolewa darasani kwa barua yenye muhuri wa serikali, ile haikuwa siasa?"

Watu wakacheka. Mzee Audax hakucheka. Walipopiga kura, katiba ikapata nne, vibarua nne, wasichana tatu. Jumapili iliyofuata wakarudia, ikawa vile vile, isipokuwa sasa walikuwa wamenuniana.

Ugomvi wa Mwajabu na mzee yule haukuanza hapo. Kila mara Mwajabu alipozungumzia wasichana, mzee alitazama saa. Kila alipomsikia mzee anasema "tabaka la wafanyakazi", Mwajabu alijiuliza kama katika tabaka hilo kuna mtu yeyote anayebeba mimba. Kwa hiyo Jumapili ile ya pili aliposimama kutoa pendekezo, nia yake haikuwa safi sana. Alitaka kumwonyesha.

"Tumekaa hapa tunawasemea watu," alisema. "Twende tukawaulize. Wiki mbili. Kila mtu aende kwa watu wa ajenda yake, awaulize kitu kimoja tu: nini kinakukwamisha? Tukirudi, tupige kura ya mwisho."

"Mimi nimewasemea wafanyakazi miaka arobaini," Mzee Audax akasema. "Leo nikawaulize nini?"

Lakini wengine walikubali, na yeye hakutaka kuonekana anagoma.

Mwajabu alianza na Auleria. Alikuwa binti wa miaka kumi na nane, mmoja wa wale kumi na watatu waliopokea sare wasitokee. Alimkuta uani anafua nepi, mtoto wake wa kiume amekaa kwenye beseni tupu, anagonga ukingo kwa kijiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sikuja kukugombeza. Nataka kujua tu, shule kulikoni? Walikukataa?"

"Hawajanikataa. Mwalimu mkuu alishasema niende hata kesho." Akakamua nepi, akaianika. "Huyu nitamwachia nani?"

"Mama yako?"

"Mama yuko kiwandani. Anatoka kumi na moja alfajiri, anarudi giza limeingia."

"Hawezi kuomba hata nusu siku? Wiki ina siku saba."

Auleria akamtazama kama anavyotazamwa mgeni aliyeuliza njia ya kwenda mahali alipo. "Mama, anaombaje? Hajaajiriwa. Akikosa siku moja, kesho yake hawamchagui. Alishakosa siku mbili nilipokuwa najifungua, akakaa wiki tatu nyumbani. Tulikula kwa majirani."

Mwajabu aliondoka pale akiwa hajaamini sawasawa. Siku ya pili aliamka kabla ya adhana, akamfuata mama wa binti yule, Eufrazia, wakaongozana mpaka kiwandani.

Kiwanda chenyewe hakikuwa na kibao, ukuta mrefu tu na geti la chuma. Nje walikuwa wamesimama watu kama mia mbili, wengi wanawake, kila mmoja na kikopo chake cha chakula. Hakuna aliyepiga gumzo. Geti likafunguka kidogo, akatoka msimamizi mwenye fulana ya bluu, akaanza kuonyesha kwa kidole: wewe, wewe, wewe mwenye kilemba. Wanaoonyeshwa walipita upesi bila kutazama nyuma.

Mbele ya Mwajabu alisimama dada mmoja aliyejifunga kanga mbili, moja juu ya nyingine, na juu yake sweta, ingawa hapakuwa na baridi. Mtu mwingine angepitwa. Lakini Mwajabu amepima viuno vya wanawake zaidi ya miaka ishirini. Sweta ilivyokaa mgongoni mwa yule dada ilimwambia kila kitu: miezi mitano, au inakaribia sita. Msimamizi naye alikuwa na jicho lake. Alimfikia, akamtazama tumboni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe dada kapumzike, utarudi ukishajifungua."

Yule dada hakujibu. Aliinama akaokota kikopo chake, akaondoka.

Mwajabu akamsindikiza kwa macho. Unyamavu ule aliujua. Yeye mwenyewe aliondoka ofisini kwa mwalimu mkuu hivyo hivyo, bila neno, akiwa na barua mkononi. Tofauti ni kwamba huyu hakupewa hata barua.

Siku zilizofuata alikwenda kwa wale wasichana wengine kumi na wawili, mmoja mmoja. Wanane walimpa jibu la Auleria kwa maneno yao. Ama mama yuko getini, ama binti mwenyewe ameshaanza kwenda getini. Mlango wa shule ulikuwa wazi. Waliokosekana ni watu wa kumshika mtoto.

Jumamosi jioni Demetria alikuja kibandani, akakaa kwenye stuli ya wateja. Mwajabu alimweleza yote, kisha akasema ameamua kura yake iende kwa vibarua. Demetria aliweka mkoba wake chini.

"Kwa hiyo unamwachia Audax."

"Simwachii Audax. Nampa kura mama yake Auleria."

"Kesho atasimama aseme alijua toka mwanzo, na wewe utakuwa umekaa kwenye kiti cha mtoto unamsikiliza."

"Najua."

"Mwajabu, sie zamu yetu lini?" Sauti ya Demetria ilikuwa imeshuka. "Nikiwa chuo cha ualimu niliambiwa tungoje kwanza vyama vingi vije. Vikaja, tukaambiwa tungoje katiba. Sasa tungoje mikataba. Kila siku kuna kitu cha haraka kuliko mabinti. Na leo anayeniambia ningoje ni wewe."

Mwajabu alitaka kusema kwamba ni jambo lile lile, ila limeshikwa upande mwingine. Lakini alijua kwamba karatasi ikishaandikwa "vibarua", wagombea watasoma vibarua, na neno wasichana halitakuwepo. Demetria aliaga kwa heshima, kama mteja.

Jumapili Mwajabu alisimulia aliyoyaona: geti, kidole, yule dada mwenye kanga mbili. Hakuongeza chumvi. Alipomaliza akasema kura yake ni ya vibarua.

"Nilisema toka mwanzo," alisema Mzee Audax.

"Ulisema, mzee. Ila hukusema yote." Mwajabu alikuwa bado amesimama. "Nina sharti. Karatasi iandikwe juu kabisa, kabla ya mambo mengine, kwamba mwanamke asiondolewe kazini kwa ajili ya mimba, na kiwanda kiwe na mahali pa kushikiwa watoto. Lisiwekwe chini na hayo mengineyo. Juu."

"Hilo la watoto tungeliacha kwanza, mwanangu. Tukiwatisha wenye viwanda, hata mikataba hatutapata."

"Basi kura yangu naichukua, na wawili hawa waliokubali kunifuata wanazichukua zao."

Mzee Audax alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati. Akatazama ubao, akatazama picha ya watoto iliyochorwa ukutani. "Yule aliyerudishwa," akauliza, "ulilipata jina lake?"

"Sikulipata. Aliondoka haraka."

"Tuliwahi kuwa na sheria yetu kiwandani kwamba mjamzito ahamishiwe kazi nyepesi," mzee alisema. "Niliisaini mwenyewe. Sijui nilisahau vipi." Akavaa miwani. "Iwekwe juu."

Vibarua wakapata kura saba, katiba tatu. Wasichana walipata kura moja. Demetria aliinua mkono wake peke yake, akaushusha taratibu.

Anwar ndiye aliyeandika karatasi, maana ndiye aliyejua kuandika vitu vya namna hiyo. "Mie bado naona mnakosea," alisema huku akifungua kompyuta yake. "Lakini mkikosea, bora mkosee kwa lugha iliyonyooka."

Manzese walileta ajenda ya wamachinga, Pugu wakaleta ya ardhi. Wagombea watatu wa udiwani wa kata ile ya Mbagala walisaini mbele ya watu. Aliyeshinda alifuatiliwa kila mwezi, safari hii kwa jambo moja, na hakuwa na la kujificha nyuma yake. Mwezi wa tano akaja ofisa wa kazi kukagua. Kiwanda kikatoa mikataba ya mwaka mmoja kwa watu sitini na wawili, Eufrazia akiwemo. Waliobaki bado husimama getini alfajiri. Ujauzito sasa hautajwi. Msimamizi anawaruka tu wajawazito bila kusema kitu. Kuhusu mahali pa watoto, barua ya kiwanda ilisema jambo hilo linafanyiwa kazi.

Eufrazia aliomba zamu ya mchana akapewa. Asubuhi anabaki na mjukuu, na Auleria anakwenda kwenye masomo ya watahiniwa binafsi, yanayokwisha kabla mama hajaingia kazini. Katika wale kumi na watatu, ni yeye peke yake mpaka sasa.

Demetria aliacha kuja Jumapili. Kwa miezi mitatu hakupita kibandani, na wazazi wa shule yake wakaanza kupeleka vitambaa kwa fundi mwingine. Mwajabu hakumlaumu. Kuna siku alishika simu ampigie, akaandika ujumbe, akaufuta. Alijua angeulizwa swali lile lile, na jibu alikuwa bado hana.

Kisha Jumatatu moja asubuhi Demetria akatokea, mkoba begani, karatasi mkononi. Hakukaa.

"Sijaja kupatana," alisema. "Wako wengine saba. Wamejifungua mwaka huu, wawili wako darasa la saba. Peke yangu siwezi kuwazungukia wote."

Mwajabu alizima cherehani, akapokea karatasi, akayasoma majina mpaka la mwisho.

"Wa huku sokoni niachie mie," alisema. "Wewe chukua wa kule juu, wanakujua."

"Na ukiwakuta, usiwaulize kuhusu kiwanda kwanza. Waulize kuhusu shule."

"Nitawauliza kuhusu shule."

Demetria akaitikia kwa kichwa. Wakapanga waanze Jumatano baada ya vipindi.