Shemasi wa Mapipa ya Dundori

Kwa miaka kumi na tatu Kemboi arap Tonui alitengeneza divai, na kwa miaka hiyo yote hakuonja hata tone. Jambo hilo liwe wazi tangu mwanzo, kwa sababu walitokea wenye kalamu wakasema vingine, na waliosikia wakaamini kalamu.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye pua ambayo wenzake waliitania kwamba hufika mahali kabla yake. Siku za juma alifanya kazi kwenye shamba la akina Pringle, kule juu Dundori, ambako asubuhi ukifungua mdomo mvuke hutoka kabla ya salamu. Jumapili alikuwa shemasi wa kanisa dogo la mabati lililokuwa mpakani mwa shamba, na kiti chake kilikuwa cha mbele, upande wa kulia, karibu na dirisha. Kanisa lake lilikataza pombe ya kila aina. Sheria za siku zile nazo zilimkataza Mwafrika kunywa divai ya Kizungu, hata kama ameikamua kwa miguu yake mwenyewe. Kemboi alikuwa amekatazwa mara mbili, na hakulalamika hata siku moja.

Mwanzoni wazee wa kanisa walimwita wakamuuliza inakuwaje shemasi atengeneze kileo. Akawajibu, "Bwana Yesu alitengeneza kule Kana, na hakuna mtu alimtenga." Mchungaji Hezekiah alicheka mpaka miwani ikamteleza puani, na maneno yakaishia hapo.

Pringle baba, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Mkubwa, alikuja Dundori na miche yake ya mizabibu akidhani itafanya kama ilivyofanya kwao. Kwao kuna theluji. Mzabibu hulala miezi kadhaa, kisha matawi yote huamka pamoja. Dundori haina theluji, na mizabibu ilikesha mwaka mzima: tawi moja lina maua, la pili lina matunda mabichi magumu kama kokoto, la tatu limeshamalizwa na ndege. Bwana Mkubwa alishika kichwa. Ni Kemboi aliyeona kwamba mistari miwili ya juu, iliyopigwa na mvua ya mawe ikabaki vijiti vitupu, ilichipua yote ndani ya juma moja na kuzaa kuliko mingine yote. Akamwita mzungu wake aje aone.

Tangu hapo, kila Januari ukame ukishika, mizabibu ililazwa kwa lazima. Majani yalipukutishwa kwa mkono, shina kwa shina, matawi yakakatwa yakaachiwa macho mawili mawili ya kuchipua. Aliyeiweza kazi hiyo kuliko wote alikuwa Wariara, mama mmoja mwenye vidole vyepesi, mpaka mwaka wa hamsini na tatu, wakati wa vita vya Mau Mau, malori ya serikali yalipokuja kuwasomba Wakikuyu wote wa shamba pamoja na sufuria zao, bila kuuliza nani kafanya nini. Kemboi alisimama kando ya barabara, mkasi mkononi, akashindwa hata kupunga. Neno hilo lilimkaa rohoni miaka mingi.

Mvua ikija, walipuliza unga wa salfa asubuhi mapema, majani yakiwa bado na umande, ili ukungu usiyale matunda. Baridi ya usiku wa milimani ilizifanya zabibu zikawie kuiva na zibaki na ukali kidogo, na huo ukali, alisema Bwana Mkubwa, ndio uhai wa divai. Kemboi hakupima kwa chombo. Alitafuna zabibu, akatema kokwa kiganjani, akaiuma. Ikiwa bado ya kijani na inanata, wangoje. Ikiwa ya kahawia na inapasuka kama bisi, siku ya pili wote wako shambani na vikapu.

Ndani ya ghala la mawe, maji ya zabibu yalichemka bila moto kwa majuma mawili. Kemboi aliingia na kibatari amekishika chini, usawa wa magoti, na kikizimika chenyewe alirudi nje mbio, kwa sababu hewa nzito ya divai changa iliweza kuua mtu kabla hajakohoa. Baadaye divai iliingia kwenye mapipa kumi na moja. Hapo ndipo pua yake ilipopata kazi. Alifungua kizibo, akainama, akavuta pumzi mara moja, na alijua lipi linakwenda vizuri na lipi limeanza ugonjwa. Bwana Mkubwa alionja baada yake, na hakuwahi kumkuta amekosea.

Kila Jumamosi alijaza. Mbao hunywa, na upepo mkavu wa kule juu huzidisha kiu yake. Pipa likipungua hewa inaingia, hewa ikiingia divai inakuwa siki. Kwa hiyo palikuwa na dumu kubwa la kioo la divai ya akiba, na Kemboi alipita na birika kutoka pipa hadi pipa, akigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, akiongeza mpaka kwenye mdomo wa pipa. Ilikuwa kazi ya nusu saa, na divai yote ya mwaka iliitegemea.

Bwana Mkubwa alifariki mwaka wa hamsini na mbili. Mwanawe, Bwana Mdogo, alirudi kutoka ng'ambo akiwa na vitabu viwili vya kufuga nguruwe na masharubu. Ghala alilitembelea kwa nadra, na kazi ya kujaza kila Jumamosi hakuwahi kuiona. Siku moja ya Novemba, mwaka wa hamsini na nne, aliingia akakuta dumu limebaki tupu.

"Divai ya hapa iko wapi?" akauliza.

"Iko kwa mapipa, Bwana. Mimi najaza kila Jumamosi."

Bwana Mdogo akagonga pipa. "Hii nilijaa tangu Agosti. Wewe naongeza wapi?"

"Mbao inakunywa, Bwana. Baba yako alijua."

"Mbao nakunywa!" Alicheka mpaka akainamia magoti. Kisha kicheko kikakatika. "Mbao hapana mdomo. Wewe iko mdomo."

Kemboi akamwambia jambo rahisi kabisa: ajaze pipa moja maji, afunge ghala, akae na ufunguo mwenyewe mwezi mzima, kisha apime. Mtoto mdogo angelielewa. Bwana Mdogo hakuwa na nafasi ya kufundishwa na mtu aliyevaa makubazi ya mpira wa gari. Akamwambia ashukuru Mungu hapelekwi polisi, akampokonya ufunguo, akampeleka kwenye viazi. Na kwa sababu alijiona mwema sana, aliandika barua kwa Mchungaji Hezekiah, akieleza kwa huruma kwamba shemasi wake ni mlevi na asaidiwe.

Barua hiyo ilipigwa kwa mashine, na hilo ndilo lililowamaliza wazee. Watu waliokaa na Kemboi miaka kumi na tatu, waliolala kwake, waliokula kwake, waliompa watoto wao awashike wakati wa kubatizwa, waliipokezana karatasi ile kama yai. Hakuna aliyesema, "Huyu tunamjua." Hakuna aliyemnusa mdomo hata! Walimvua ushemasi Jumapili iliyofuata, wakampeleka benchi la nyuma, la waliotengwa, akakaa kati ya mtu mwenye wake wawili na kijana aliyekamatwa na pombe ya busaa.

"Waambie mimi ndiye nalala na wewe," mkewe, Mama Zeddy, alimwambia huku akisonga ugali kana kwamba ugali ndio uliokosa. "Kama ungekuwa unakunywa ningekuwa wa kwanza kujua, na ungekuwa wa kwanza kulala nje."

"Hawataki kuuliza mke. Wanataka karatasi."

"Basi waile!"

Miezi sita alipalilia viazi. Kutoka kwenye matuta aliliona ghala, mlango umefungwa, Jumamosi ikija na kupita. Hakuna aliyejaza. Hasira ilimpanda mara mbili, moja kwa ajili ya jina lake na ya pili kwa ajili ya divai, na ya pili ilimshangaza mwenyewe, maana haikuwa yake. Alijua pale ndani kila pipa linakunywa polepole, na hewa inaingia.

Mwezi wa Mei Bwana Mdogo alitaka kupeleka chupa kwenye maonyesho ya Nakuru. Alimwita Wasike, dereva wa trekta, amsaidie kufungua mapipa. Wasike aling'oa kizibo cha kwanza, akaingiza kijiti. Divai ilikuwa imeshuka vidole vinne, na juu yake umetanda utando mweupe. La pili vilevile. La tatu lilitoa harufu ya siki mpaka macho yakawachonyota. Wasike, ambaye hakuwa na adabu ya kunyamaza, alitazama ufunguo kwenye mkanda wa bosi wake na kuuliza, "Sasa hapa nani alikuwa anaingia, Bwana?"

"Hapana mtu," alisema Bwana Mdogo, uso umemwiva. "Ufunguo nilikaa na mimi."

Jumamosi jioni alikuja mwenyewe hadi nyumbani kwa Kemboi, Wasike nyuma yake. Alisema anamtaka arudi ghalani, anuse mapipa yanayoweza kuokoka, maonyesho yamekaribia. Kemboi alisimama mlangoni.

"Nitakuja. Lakini kesho Bwana aje kwanza kanisani, aseme mbele ya watu kwamba sikunywa."

"Mimi hapana ingia kanisa ya wafanyakazi."

"Basi andika. Si unajua kuandika."

Bwana Mdogo alikohoa. Maneno mengi hayana faida, akasema, mambo ya zamani tusahau. Akampa Wasike kifurushi amkabidhi Kemboi, akapanda gari lake akaondoka. Kemboi alifungua gazeti lililokizunguka. Ilikuwa chupa ya divai, ya enzi za Bwana Mkubwa, na nta nyekundu mdomoni.

Mama Zeddy aliiangalia chupa, akamwangalia mumewe. "Amekuletea nini?"

"Pombe," alisema Kemboi. "Amenivua jina kwa pombe, sasa ananiomba msamaha kwa pombe. Miaka kumi na tatu nawatengenezea divai, na hajui mimi ni nani. Na askari wakinikuta nayo njiani nafungwa!"

Asubuhi hakuificha. Aliibeba mbele ya kifua, mchana kweupe, akapita nayo kati ya nyumba za wafanyakazi mpaka kanisani, akaiweka juu ya meza ya sadaka.

"Mlipata barua ya kwanza mkaisoma," alisema. "Hii ni ya pili. Bwana amenipa jana. Miezi sita ufunguo ulikuwa kwake, na mapipa yamepungua. Muulizeni Wasike."

Wasike akasimama akasema yote, na ya kijiti, na ya vidole vinne, na alivyomsikia Bwana kwa masikio yake akisema kwamba hapana mtu aliyeingia.

Mzee mmoja akajikuna kidevu. "Ni vizuri. Sasa Bwana atuandikie tu, halafu tutarekebisha."

"Mnangoja aandike!" Kemboi alipaza sauti, na hakuwahi kuipaza mle ndani. "Mimi niko hapa. Nasema nanyi. Nina mdomo, na haujawahi kuguswa na kitu hicho. Mnanijua tangu mvua ya mawe, na mnangoja karatasi?"

Alitembea mpaka kiti cha mbele, upande wa kulia. Mzee yule alikuwa ametandaza koti lake pale. Kemboi alilichukua, akalikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe, akakaa.

Mchungaji Hezekiah alifuta miwani, akaivaa. Kisha akachukua sahani ya sadaka, ambayo kuipitisha ni kazi ya shemasi, akaizunguka chupa bila kuigusa, akashuka akamletea Kemboi.

Kemboi aliipokea kwa mikono miwili, akainuka, akaanzia benchi la nyuma.