Mtu wa Ishirini

Uongozi wa muungano wetu niliupata bila kuuomba. Kiongozi aliyenitangulia alihamishiwa kazi Tabora, akasema huko hatakuwa na muda, akabonyeza mahali kwenye simu yake, na asubuhi nilipokaa kwenye cherehani na kufungua mchezo nikakuta jina langu limewekewa taji. Hakuna aliyenipongeza. Ujumbe wa kwanza kunifikia ulisema, "Mafuta ya meli yameisha, tunafanyaje?"

Mchezo wenyewe ni wa angani. Kila mchezaji ana sayari yake na meli zake, na wachezaji wakiungana wanalindana na kugombea machimbo. Kila muungano hujichagulia siku ya kulinda machimbo yake. Sisi siku yetu ilikuwa Jumamosi saa kumi jioni. Sharti lilikuwa moja: muwe mmejiandikisha watu ishirini. Mkipungua, machimbo yanachukuliwa bila hata vita. Siku ninapewa taji tulikuwa kumi na tisa.

Watu hawajui kazi ya kumtafuta mtu mmoja. Nimewahi kushona madera ya harusi nzima kwa siku tatu, na sikuchoka vile. Mteja akija dukani kwangu Bagamoyo kupimwa, futi iko kiunoni mwake, namuuliza, "Dada, simu yako ina nafasi?" Wote walisema inshallah. Mmoja alijiunga kweli, akajenga ghala moja, kesho yake akajitoa. Na hao kumi na tisa niliokuwa nao, sijui kama walikuwa kumi na tisa. Fundi matairi wa Chalinze kila nikimwita vitani alijibu, "Nipo njiani." Njia ipi, na mchezo uko mkononi mwake? Binti mmoja anayepokea wageni kwenye kambi ya watalii Saadani alikuwa hodari kutupita sote, lakini mtandao aliupata akisimama kando ya tangi la maji tu, na Jumamosi ndiyo siku wageni wanajaa.

Ndipo akaja mwalimu wangu. Alinifundisha Kiswahili sekondari, sasa amestaafu, analima Vigwaza. Alileta suruali mbili zipunguzwe kiuno. Nilimwamkia, akaitikia, halafu akauliza ni nini hicho kwenye simu kinachonikunjisha uso mbele ya mteja. Nikamweleza.

"Mnahitaji mtu mmoja tu?"

"Mmoja tu, mwalimu."

"Niandikishe mimi."

Nilimwandikisha kwa mkono wangu mwenyewe. Hilo silisahau.

Jumamosi ya kwanza tulivamiwa mapema. Niliandika haraka kwenye ukumbi wa mazungumzo kwamba ngao yetu itadumu masaa mawili, kila mtu apeleke meli machimboni. Jibu la kwanza lilitoka kwa mwalimu: "Saa, wingi wake ni saa. Hakuna masaa." Nikamshukuru, nikamwomba apeleke meli. Fundi matairi, ambaye siku hiyo kwa ajabu alikuwepo, akaandika, "Kuna swala la mafuta, meli zangu hazitembei." Mwalimu akamjibu: "Swala ni mnyama, au ni ibada. Unalokusudia ni suala." Wakati anaandika hayo meli zake kumi na mbili zilikuwa zimekaa nyumbani kama kuku wanaoatamia. Tulipoteza machimbo mawili.

Ikawa hivyo kila wiki. Kwenye mchezo kuna kitufe cha kumwondoa mtu, kiongozi anakibonyeza na basi. Nilikuwa nakiangalia. Lakini kidole kinachomwondoa mwalimu wako, aliyekushikisha kalamu ukaacha kuandika kama kuku anaparua, hicho kidole nani anacho? Na nikimwondoa tunarudi kumi na tisa. Nilimwandikia pembeni, kwa adabu zote, kwamba vita vikianza masahihisho yangoje. Akanijibu kwamba kosa lisilosahihishwa papo hapo linaota mizizi.

Fundi matairi akanipigia simu. "Dada, mimi shule niliacha zamani. Sikuingia humu ili nirudi darasani." Akajitoa. Nikakaa na hasira siku mbili, nikashona mkono wa kushoto upande wa kulia, nikafumua.

Siku ya tatu nilizibeba zile suruali, nikaenda Vigwaza. Nilimkuta amekaa barazani na miwani, simu mkononi. Mkewe akanipa kiti na kikombe cha chai. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Mlandizi.

"Mwalimu, nimekuja kwa jambo la mchezo."

"Afadhali umekuja. Na mimi nilitaka kukuaga."

Nikamwuliza kuaga kwenda wapi. Akasema amealikwa na muungano mwingine, wale wale waliotunyang'anya machimbo. Kiongozi wao alisoma alivyokuwa akiandika kwenye ukumbi wa wazi, ule unaosomwa na miungano yote, akampa kazi ya kupitia matangazo yao kabla hayajatoka.

"Kwa hiyo unahamia kwa adui?"

"Wapinzani," alisema. "Adui ni neno zito. Na yule binti wa Saadani nimemwambia naye aje. Wao wanalinda Jumatano."

Nilihisi masikio yamepata moto. Nikasema binti huyo angeniambia tu, siku ingebadilishwa.

"Alikuambia. Aliandika mara mbili. Ukamjibu kwamba siku inapangwa na kiongozi."

Nilikunywa chai yote, ingawa ilikuwa ya moto bado. Mwalimu akaingia ndani kujaribu suruali, akatoka akasema moja inambana kidogo akikaa. Nikairudisha mfukoni nikaenda nayo Bagamoyo kuilegeza. Njiani nilirudi nyuma kwenye mazungumzo ya zamani nikatafuta. Ni kweli aliandika mara mbili, na ujumbe wa pili ulianza na samahani.

Nilimwandikia binti nikamwomba radhi. Alijibu kwa upole kwamba amesamehe, ila ameshahamia, na Jumatano inamfaa. Mwalimu aliondoka Ijumaa, akaacha ujumbe wa kuaga wenye aya nne. Tulibaki kumi na saba. Jumamosi ile machimbo yalichukuliwa bila mtu kurusha risasi.

Jumapili niliwauliza waliobaki siku gani inawafaa. Sote kumi na saba tulitaja siku saba na saa tisa tofauti. Mmoja alitaka baada ya kwaya, mwingine baada ya alasiri, mwingine akasema yeye siku yoyote isipokuwa hizo zilizotajwa. Tulibishana wiki nzima. Mwisho tukakubaliana Jumanne saa kumi na moja. Sasa natafuta watu watatu badala ya mmoja. Wawili nimewapata: mwalimu wa kwaya, na mama aliyeleta sare za kitchen pati, ambaye anauliza kila siku kama meli zikilipuka simu inaharibika. Namjibu haiharibiki. Kesho yake anauliza tena, na mimi, kwa kuwa ni wa kumi na tisa, namjibu tena.