Namba Yangu Kwenye Fomu Zao

Duka langu la stesheneri liko Kilole, Korogwe mjini. Nina kompyuta moja, mashine ya fotokopi inayokwaruza, na mdomo, nakubali. Wasichana wa Handeni na Magoma wakitaka kwenda nje kufanya kazi za ndani, fomu za viza nawajazia mimi.

Nchi wanayoikimbilia siku hizi ni ile ambayo serikali imeitolea tahadhari: asiye na lazima asiende. Tahadhari hiyo naichapa na kuwapa bure. Wengi wao wanaifungia maandazi ya safari.

Kwenye fomu kuna mahali wanauliza ndugu wa kupigiwa simu likitokea la kutokea. Wazazi wako shamba, mtandao mpaka upande kichuguu, na simu zenyewe hazina chaji. Basi nilizoea kuandika namba yangu, kwa kila msichana. Kukiwa na jambo ningemtuma mtu wa bodaboda akawaambie, kama tunavyofanya hata kwenye misiba. Niliona nawasaidia, tena nilijisifu.

Mwaka huu akaja binti wa kaka yangu kutoka Magoma, pasipoti mpya mkononi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hiyo pasipoti ya kwenda wapi?"

Alipoitaja nchi, ile ile ya tahadhari, nikazima kompyuta. Nikamweleza kuwa viza aliyotafutiwa ni ya matembezi, siku thelathini, hairuhusu kazi. Zikiisha, kila siku ni faini, na asiyelipa hatoki. Ukipata shida huna mkataba wa kumwonyesha mtu, na ubalozi wetu uko nchi ya jirani.

"Shangazi, za watoto wa watu mbona unajaza? Uchungu umeuona kwangu tu?"

Swali hilo bado linanichoma. Nikawasha kompyuta kwa hasira, nikajaza. Pale pa ndugu, vidole vikaandika namba yangu vyenyewe. Nikamtolea nakala ya pasipoti, nikaikunja na kuishonea kwenye pindo la kitenge chake. Nikamwonya kwamba pasipoti yenyewe asimpe mtu, hata tajiri wake akiiomba kwa upole. Akacheka.

"Haya," nikamwambia, "sikio la kufa halisikii dawa."

Laiti ningenyamaza.

Wiki ya kwanza alituma picha ya chumba chake, kidogo, hakina dirisha. Wiki ya pili akaandika kuwa tajiri amemwekea pasipoti kabatini, eti isije ikapotea. Baada ya hapo kimya. Siku ya thelathini ikafika, ikapita. Kaka akawa anakuja dukani kila siku ya soko, anakaa kwenye benchi, anaitazama simu yangu.

Alikuwa hapo asubuhi ile simu yangu ilipoita, namba ndefu ya nje. Mwanamume mwenye Kiswahili cha kuokoteza akaniuliza kama mimi ndiye ndugu wa msichana wa Tanzania. Alikuwa hospitali, akasema. Msichana amefariki, na namba yangu ameikuta kwenye karatasi zake za viza.

"Msichana yupi?" nikanong'ona. "Jina lake nani?"

Simu ikakatika. Nikapiga mara tatu, haipatikani.

"Nani huyo?" kaka akauliza.

"Mteja."

Nikaingia nyuma ya pazia na boksi la nakala za fomu ninazojiwekea, nikazipanga sakafuni. Wasichana kumi na mmoja, wote nyuso za picha ya pasipoti, hakuna anayetabasamu. Wote wana mama zao, na kwa wote ndugu wa kupigiwa simu ni mimi.

Ya binti yetu nikaifunika kwa kiganja. Halafu, Mungu anisamehe, nikaanza kuwaangalia wale kumi mmoja mmoja, nikimchagulia Mungu huyo huyo ni yupi amchukue badala ya binti yetu.