Mashine Iliyokuwa na Joto

Koleta, ambaye chuo kizima humwita Mama Jenifer, alianza kufagia chuo kile cha Same wakati kina taipureta mbili na taa za chemli. Miaka yote hiyo hajavunja hata kikombe, na kuringa kwa hilo alijua.

Mwaka huu Mkuu wa chuo, Bi Victoria, alichoshwa na umeme unaopotea bure. Akawakusanya wafanyakazi, akawaambia kioo cha kompyuta kikiwa cheusi msidhani imezimika, bado inakula umeme. Kila saa kumi na nusu jioni Mama Jenifer apite vyumbani, azime kompyuta, printa na mashine ya kopi, tena kwenye swichi ya ukutani. "Joto bila mtu ni hasara," akamaliza.

Koleta aliipokea kazi hiyo kama aliyevishwa joho. Kijijini kwao Mamba, huko milimani, mama yake alimfundisha kupima mafiga kwa mgongo wa kiganja kabla ya kwenda shamba, ajue kama kuna moto uliojificha. Basi mashine nazo akawa anazipima vivyo hivyo, na hakuna iliyomponyoka.

"Waziri wa Umeme kafika!" Safia, karani wa masjala, alizoea kumtania. "Usije ukanizima na mimi."

"Wewe nikuzime nini, mwanangu? Tangu asubuhi hujapata joto."

Alhamisi moja aliikuta masjala haina mtu. Kioo cheusi. Akaweka mgongo wa kiganja: moto kama figa. Akabonyeza swichi ya ukutani, akafunga mlango kwa ufunguo wake, akaendelea na korido yake huku akiimba pambio.

Hajafika mwisho wa korido, akasikia ukelele. Ni mwalimu Loth. Alikuwa ametoka mara moja kufuata karatasi zilizobaki, akaazima ufunguo wa Safia ili arudi kumalizia. Tangu asubuhi alikuwa akiingiza kwenye kompyuta ya masjala alama za mtihani za wanachuo wote, na zilitakiwa kesho yake asubuhi.

"Sikuwa nimehifadhi!" Loth alishika kichwa. "Kazi ya siku nzima!"

"Umeme wa siku hizi si unaujua, mwalimu," akasema Safia, aliyekuja mbio kwa ukelele ule. "Umekatika ukarudi."

Koleta alisimama na ufagio wake. Akamkumbuka Gideoni, mlinzi aliyefukuzwa mwezi uliopita kwa kuchaji simu za bodaboda kwa umeme wa chuo. Hakupewa hata siku ya kuaga. Na yeye je, kwa umri huu, nani atampa ufagio mwingine? Umeme umekatika. Maneno mawili tu, na tayari kuna aliyeyasema.

Bi Victoria akatokea. Akatazama feni ya korido inavyozunguka, akaitazama swichi ya ukutani: imezimwa.

"Haukukatika. Hapa pana mkono wa mtu, na Mama Jenifer tangu aanze hajaharibu kitu. Safia, ufunguo wa masjala unao wewe."

"Mkuu, wallahi, mimi sijagusa!" Sauti ya Safia ikapasuka.

Koleta aliona afadhali ardhi ifunguke. Lakini mtoto wa watu alie kwa kosa lake, naye asimame pale kama kisiki? Hakulelewa hivyo.

"Ni mimi, Mkuu," akasema. "Niliigusa, ina joto, mtu hayupo. Nikazima."

Loth akaiwasha kompyuta, wote wakikodolea macho kile kioo. Kumbe ilikuwa ikijihifadhia yenyewe: ikarudisha majina mia na kumi. Sitini yamepotea.

"Nisomee," Loth akamwambia kwa ukali, akimpa karatasi za alama. Koleta akavaa miwani, akasoma jina na alama zake, moja baada ya jingine, kwa elimu yake ya darasa la saba. Hawakukosea hata alama moja. Bi Victoria aliondoka akisema neno moja tu: "Kesho asubuhi, ofisini kwangu."

Usingizi aliutafuta hakuuona. Kulipopambazuka alikwenda nje ya nyumba yake, penye maji yatokayo bafuni, alikopanda mmea wa isale alioutoa Mamba, akachuma majani. Isale ndiyo tunayopanda sisi watu wa milimani mpakani mwa mashamba. Ukiiona, hata uwe mkorofi namna gani, huvuki na huing'oi.

Mbele ya meza ya Mkuu hakungoja kuulizwa.

"Madamu, kabla hujaniambia niende." Akaweka majani mezani. "Joto halinionyeshi nani anarudi na nani amesahau. Anayerudi aweke jani hili juu ya mashine yake. Nikilikuta, sigusi. Nisipolikuta, nazima, hata iwe yako."

Bi Victoria, naye ni binti wa milimani, aliyatambua majani yale.

Mkuu akachagua moja, akalilaza juu ya kompyuta yake.

"Mimi leo nitachelewa kutoka," akasema. "Hayo mengine kawagawie wenzako."